Kufundisha Sera ya Sanaa: Msanii Amepata Nini, Amepoteza Nini?

Utangulizi

Kila mwaka mwalimu wa shule ya msingi hufundisha habari za Serikali. Wanafunzi hujifunza kwamba Serikali hujenga barabara, huchimba visima, hutoa chanjo na kukusanya kodi. Ni mara chache wanapofundishwa kwamba Serikali huamua pia mambo ya ngoma, nyimbo, uchoraji, uchongaji na maigizo. Hata hivyo uamuzi wa namna hii huwafikia watoto mapema sana. Mtoto wa Darasa la Tatu anayepangwa mstarini ili acheze ngoma mbele ya mgeni rasmi yumo tayari ndani ya sera ya sanaa, ingawa mwenyewe hajui, na pengine mwalimu wake hajui vilevile.

Katika makala haya tunakusudia kueleza mambo mawili. Kwanza, tutaonyesha jinsi mwanachuo anavyoweza kuichunguza sera ya sanaa ya Serikali kwa kuyatazama matokeo yake katika maisha ya wasanii wenyewe. Pili, tutapendekeza njia ya kulifundisha jambo hilo katika madarasa ya juu ya shule ya msingi, katika kipindi cha uraia, cha historia au cha sanaa. Mifano yetu mingi tumeichota Tanzania, kwa kuwa hapo sera imebadilika mara kadhaa tangu Uhuru, na kila badiliko limeacha alama inayoonekana.

Sera ya sanaa ni nini?

Wanafunzi wengi wakisikia neno "sera" hufikiri ni kitabu kilichowekwa katika kabati la ofisi. Kitabu kweli kipo. Tanzania ilitoa Sera ya Utamaduni mwaka 1997, nayo inazungumzia lugha, sanaa, urithi wa taifa, michezo na mengineyo. Lakini sera ilianza kutenda kazi miaka thelathini na mitano kabla ya kitabu hicho. Mwezi Desemba 1962, katika hotuba yake ya kwanza akiwa Rais wa Jamhuri ya Tanganyika, Mwalimu Julius Nyerere alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alieleza kwamba dhambi kubwa ya ukoloni ilikuwa kuwafanya watu waamini kuwa hawana utamaduni wao wenyewe, hata waliosoma wakajivunia kujua dansi za Ulaya huku hawazijui ngoma za kwao.

Kwa hiyo sera ya sanaa haina budi kutazamwa kwa upana. Ni jumla ya yale ambayo Serikali inayaamuru, inayoyagharimia, inayoyaruhusu, inayoyakataza, na hata yale inayoyaacha bila kuyagusa. Mwanafunzi hawezi kuyashika yote haya kwa kukariri maana. Tunapendekeza afundishwe kuuliza maswali manne kuhusu msanii yeyote, wa zamani au wa sasa:

1. Nani anamlipa?
2. Nani anampa ruhusa?
3. Kazi yake ikishatoka mikononi mwake, ni mali ya nani?
4. Nani anamfundisha msanii atakayemfuata?

Maswali haya ni mepesi kiasi cha kueleweka na mtoto wa Darasa la Tano, lakini majibu yake yaweza kumshughulisha hata mtaalamu. Hebu tuyajaribu kwa mifano ya kweli.

Mfano wa kwanza: Kikundi cha Taifa cha Ngoma

Mara baada ya Wizara kuundwa, mapema katika miaka ya 1960, kilianzishwa Kikundi cha Taifa cha Ngoma. Wachezaji na wapigaji mahiri walitafutwa katika sehemu mbalimbali za nchi, wakaletwa Dar es Salaam na kuajiriwa. Vijana waliopelekwa China kujifunza sarakasi waliporejea mwishoni mwa miaka hiyo, kikaundwa kikundi cha sarakasi, na katika miaka ya 1970 kikaongezwa cha maigizo.

Tukiuliza swali la kwanza, jibu ni wazi: Serikali ndiyo iliyolipa. Hili lilikuwa jambo jipya kabisa. Kijijini mpiga ngoma alikuwa mkulima kwanza; ngoma aliipiga mavuno yalipokwisha, au palipokuwa na arusi, jando au msiba. Sasa ngoma ilikuwa kazi yenye mshahara wa mwezi. Msanii alipata heshima ya mtumishi wa taifa, alisafiri nchi za nje, na aliwafahamu wasanii wa makabila mengine ambao asingewaona maishani.

Lakini alipata pia masharti. Ngoma iliyochezwa usiku kucha kijijini ilibidi itoshee dakika chache jukwaani. Watazamaji ambao zamani waliingia wenyewe uwanjani wakaketi vitini. Sindimba ya Wamakonde, inayofungamana na sherehe za jando na unyago, ikawa ngoma ya taifa zima, ikachezwa mashuleni na katika hafla mbele ya watu wasiojua maana yake. Baadhi ya watu walianza kulalamika kwamba mchezo wake wa kiuno haukuwa na adabu. Ngoma ilikuwa na adabu zake mahali pake; iliyabeba malalamiko hayo baada ya kuhamishwa.

Vikundi vya taifa havikudumu. Vilivunjwa, na mwaka 1981 kikaanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho tangu 2007 ni wakala wa Serikali unaoitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa). Hapa jibu la swali la nne ndilo lililobadilika: badala ya kuajiri wachezaji, Serikali iliamua kufundisha. Wasanii kadhaa wakawa walimu. Wengine waliingia katika vikundi vya mashirika ya umma na vya watu binafsi, kama vile Muungano na DDC Kibisa, ambavyo katika miaka ya 1980 vilionyesha ngoma, sarakasi, vichekesho na muziki katika kumbi za vinywaji za Dar es Salaam. Huko mlipaji alikuwa mtazamaji aliyekata tiketi, naye alitaka kuchekeshwa kabla ya kuelimishwa.

Mtu mmoja anayeweza kuwasaidia wanafunzi kuiona njia hii yote ni marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, aliyefariki mwaka 2003. Alikuwa fundi wa zeze na ilimba. Alichukuliwa katika Kikundi cha Taifa katika miaka ya 1960, baadaye akafundisha Bagamoyo, na hatimaye sauti yake ikasikika katika majukwaa na sahani za muziki za Ulaya. Bila sera ya 1962 pengine angebaki akisifiwa na majirani tu. Hata hivyo mwalimu asiishie kwenye sifa. Awaulize wanafunzi: wangapi walikuwa mafundi kama yeye, ila hawakuonwa na watu waliotumwa kutafuta?

Mfano wa pili: bendi za mashirika

Jumuiya ya wafanyakazi, NUTA, iliunda bendi yake mwaka 1964. Bendi hiyo, NUTA Jazz, imebadilisha jina kila jumuiya ilipobadilika: ikawa JUWATA, kisha OTTU, na mwisho Msondo Ngoma. Polisi walikuwa na bendi yao, na Jeshi la Kujenga Taifa lao. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na Urafiki Jazz. Shirika la Bima lilikuwa na Bima Lee. Mwanamuziki aliandikwa kazi kama karani au fundi mitambo, akapewa mshahara, na magitaa pamoja na ngoma vikanunuliwa na mwajiri.

Hili lilikuwa jambo la faida kubwa. Vyombo vya muziki vilikuwa ghali na viliagizwa nje. Mtu binafsi asingeweza kuvinunua kwa urahisi. Muziki wa dansi uliokuzwa na bendi hizo ni miongoni mwa hazina za Kiswahili: tungo ndefu, zenye mafumbo, mausia na visa vya maisha ya mjini.

Sasa tuulize swali la tatu. Gitaa lilikuwa mali ya nani? La mwajiri. Mwanamuziki akiacha kazi aliondoka mikono mitupu. Na wimbo je? Bendi zilirekodi katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyokuwa redio pekee ya Tanzania Bara. Wimbo ukipendwa ulipigwa asubuhi na jioni, kwa mwaka mzima au kwa miaka ishirini. Sheria ya hakimiliki ilikuwapo tangu 1966, lakini hapakuwa na chombo cha kumkusanyia mtunzi malipo kila wimbo wake ulipopigwa. Jina la mtunzi lilijulikana nchi nzima na mfuko wake ukabaki kama ulivyokuwa.

Baadaye mambo yaligeuka. Sheria ya Utangazaji ya 1993 iliruhusu redio za watu binafsi, na mwaka 1994 Radio One ilianza kusikika. Vijana wakapata milango mingi ya kupitia, na muziki wa kizazi kipya ukastawi. Sheria mpya ya Hakimiliki na Hakishiriki ikatungwa mwaka 1999, na chini yake kikaundwa chombo cha kusimamia haki hizo, COSOTA. Msanii akawa huru zaidi kuchagua la kuimba na mahali pa kuimbia. Lakini mshahara wa mwezi ulikwisha, na gitaa alitakiwa ajinunulie. Wanafunzi waone kwamba kila mpango ulikuwa na faida yake na gharama yake. Hilo ndilo lengo la somo.

Mfano wa tatu: ngonjera

Mfano huu unatuhusu walimu moja kwa moja. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, washairi walihimizwa kuieneza siasa ya ujamaa kwa tungo zao. Mathias Mnyampala, mshairi wa Dodoma aliyefariki mwaka 1969, alikuza ngonjera, yaani ushairi wa majibizano ambamo pande mbili hubishana mpaka mmoja akubali. Chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania (UKUTA) kilizieneza, na shule zikawa jukwaa lake kuu. Hakuna shule iliyokosa watoto wa kughani mbele ya wageni.

Ushairi uliokuwa wa wachache ukawa wa watoto wote, na mtoto wa mkulima akajifunza kusimama wima na kusema mbele ya umati. Hiyo ni faida isiyo ndogo. Lakini katika ngonjera nyingi za mashuleni mshindi wa mabishano alijulikana kabla ya mabishano kuanza. Mada zilitoka juu. Mshairi mwenye mada nyingine, ya mapenzi, ya shaka au ya huzuni, hakukatazwa kuandika, ila mlango wa shule haukumfungukia kwa wepesi uleule.

Shule nayo ni chombo cha sera. Riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ilizuiwa kwanza isisomwe mashuleni kwa jinsi ilivyozungumzia masaibu ya msichana; baadaye ikaja kukubaliwa na kufundishwa. Maneno ya kitabu yalikuwa yaleyale, ila wakubwa wa elimu walikuwa wamebadili mawazo.

Mfano wa nne: picha za Tingatinga

Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru akaja Dar es Salaam kutafuta kazi. Mwaka 1968 hivi alianza kuchora wanyama na ndege juu ya vipande vya mbao laini kwa rangi za kung'aa za madukani, akawauzia wapita njia. Hakusomea kuchora, wala hakuajiriwa na Serikali kwa kazi hiyo. Alifariki mwaka 1972, lakini ndugu na wanafunzi wake waliendelea. Baadaye waliunda umoja wao, ambao mwaka 1990 ukawa chama cha ushirika.

Mfano huu ni muhimu kwa sababu unaonyesha sanaa iliyozaliwa nje ya mpango. Shirika la umma lililoshughulikia sanaa lilinunua picha hizo na kuziuza, hivyo likawapatia wachoraji soko. Lakini mtindo wenyewe haukubuniwa na ofisi yoyote.

Hapa swali la tatu linatupatia somo gumu la sheria. Hakimiliki hulinda kazi fulani iliyokwisha kufanywa, kwa maana ya picha hii au wimbo huu. Chini ya sheria ya 1999 ulinzi huo hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Haulindi mtindo. Yeyote anaweza kuchora chui kwa namna ya Tingatinga bila kuomba ruhusa. Jambo hili limelisha mamia ya watu, nalo limeshusha bei ya picha, kwa maana wanaochora ni wengi na picha nyingi zinafanana. Waacheni wanafunzi wabishane kama ni haki. Mwalimu asitoe jibu.

Neno juu ya ruhusa

Swali la pili tumelitaja kidogo tu, nalo ni zito. Kibali cha sanaa si jambo la jana. Wakati wa utawala wa Waingereza, katika miji ya Tanganyika ngoma haikupigwa bila kibali cha wakubwa wa mji. Baada ya Uhuru utaratibu wa vibali uliendelea chini ya vyombo vipya. Sheria Na. 23 ya 1984 iliunda Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), lililochukua mahali pa mabaraza ya awali ya sanaa na muziki. Baraza hili lina kazi ya kuendeleza sanaa na kazi ya kuisimamia, ikiwa ni pamoja na kusajili wasanii. Mkono uleule unaolea ndio unaoshika fimbo, na mwanafunzi aulizwe kama mikono hiyo yafaa kuwa mmoja.

Mifano miwili itatosha. Nchini Kenya, mwaka 1977, wanakijiji wa Kamiriithu karibu na Limuru walicheza tamthilia ya Kikikuyu iliyotungwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii. Baada ya maonyesho ya majuma machache kibali kiliondolewa, na mwisho wa mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini bila kushtakiwa kwa muda wa karibu mwaka mzima. Mwaka 1982 jukwaa walilolijenga wanakijiji kwa mikono yao lilibomolewa. Nchini Tanzania, Machi 2017, mwanamuziki Nay wa Mitego alikamatwa na wimbo wake "Wapo" ukapigwa marufuku na BASATA. Siku chache hazikupita, Waziri aliyehusika na sanaa akatangaza kwamba Rais ameagiza msanii aachiwe na wimbo upigwe. Msanii huyo alifurahi, na wengi walifurahi pamoja naye. Lakini mwanachuo atafakari: ruhusa inayotoka kwa mapenzi ya mkubwa mmoja ina uthabiti gani siku mapenzi hayo yakigeuka?

Mpango wa vipindi vinne

Tunapendekeza mada ifundishwe katika Darasa la Sita au la Saba kwa vipindi vinne. Mwalimu aurekebishe mpango huu kulingana na mahali alipo.

Kipindi cha kwanza: kuwatambua wasanii. Wanafunzi wataje kila msanii wanayemfahamu katika kijiji au mtaa wao: mpiga marimba, mfinyanzi, msusi wa mikeka yenye nakshi, mwimbaji wa kwaya, mwandishi wa mabango ya maduka, kijana anayerekodi nyimbo kwa simu. Mwalimu aandike ubaoni bila kubagua. Wanafunzi wengi hudhani wasanii ni wale wanaoonekana katika televisheni tu. Kisha kila kikundi cha wanafunzi watano kichague msanii mmoja wa kumchunguza.

Kipindi cha pili: kuuliza. Wanafunzi waandae maswali yao kwa kuyafuata yale manne ya msingi, kwa maneno ya heshima. Mtoto hawezi kumwambia mzee, "Unalipwa shilingi ngapi?" Anaweza kusema, "Shikamoo babu. Tumetumwa na mwalimu tujifunze kazi yako. Zamani watu walikupa nini ulipowapigia zeze, na siku hizi wanakupa nini?" Vikundi vimwendee msanii kwa miadi, au msanii aalikwe shuleni.

Kipindi cha tatu: mstari wa wakati. Mwalimu achore ubaoni mstari mrefu wenye miaka: 1962, 1967, 1981, 1984, 1994, 1999. Juu ya mstari waandike Serikali ilifanya nini. Chini yake waandike nini kilimpata msanii waliyemhoji, kwa makadirio ya miaka. Nafasi nyingi chini ya mstari zitabaki tupu. Mwalimu asione haya. Nafasi tupu ni ushahidi pia: huenda sera haikufika kijijini hapo kabisa.

Kipindi cha nne: kikao. Darasa ligeuzwe kuwa halmashauri yenye fungu dogo la fedha kwa ajili ya sanaa. Kikundi kimoja kitake ukumbi ujengwe, kingine kitake mwalimu wa ngoma alipwe, cha tatu kitake mashindano yenye zawadi, cha nne kitetee kwamba fedha zote ziende zahanati. Kila mmoja atoe sababu, kisha wapige kura. Baada ya kura mwalimu aulize: nani atakosa kwa uamuzi huu, na tumemwambia nini?

Kupima. Mwalimu asipime kwa kuuliza tarehe pekee. Swali linalofaa ni kama hili: "Eleza jambo moja ambalo Serikali iliamua kuhusu sanaa. Taja msanii mmoja aliyefaidika na mmoja aliyepata hasara, na ueleze unajuaje." Maneno "unajuaje" ndiyo yenye alama nyingi.

Tahadhari tatu

Kwanza, si kila kilichofuata kilisababishwa na kilichotangulia. Mwanafunzi ataandika kwamba bendi za mashirika zilidhoofika kwa sababu ya sera. Pengine ni kweli kwa sehemu. Lakini mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa mwaka 1977 na haukufunguliwa hadi 1983. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikula fedha nyingi za nchi. Kanda za kaseti zilienea, na wenye kuzinakili hawakumlipa mtu. Disko nazo zilivuta vijana. Mwanafunzi afundishwe kuorodhesha sababu zote anazoziona kabla ya kuchagua iliyo kubwa.

Pili, mwalimu atenganishe mambo matatu ubaoni: lililoamriwa, lililotokea, na maoni yetu. Akichanganya haya, somo litakuwa ama sifa kwa Serikali ama lawama kwake, na kwa vyovyote vile mwanafunzi atakuwa hajachunguza kitu. Mzazi au mkaguzi akiuliza kwa nini watoto wanafundishwa kuipima sera, mwalimu aweze kuonyesha madaftari ambamo kila maoni yamesimama juu ya ushahidi.

Tatu, msanii anayealikwa shuleni asirudishwe mikono mitupu. Shule ikiwa haina fedha, basi wanafunzi wamlimie, au wazazi wachange unga na sukari. Angalau apewe barua ya shukrani yenye muhuri wa shule. Itakuwa ajabu kufundisha habari za msanii asiyelipwa kwa kumtumia bure.

Nafasi ya mwalimu mwenyewe

Tumeeleza habari za Wizara, mabaraza na redio. Lakini kwa watoto wengi wa nchi hii, ofisa wa kwanza wa sera ya sanaa si waziri. Ni mwalimu wa darasa. Yeye ndiye anayechagua ngoma gani ichezwe siku ya kufunga shule, nani acheze na nani aketi, dakika ngapi zitoshe, na kama mzee aliyewafundisha watoto mdundo atatajwa jina mbele ya mgeni au la. Maswali yale manne yanamhusu yeye kama yanavyoihusu Serikali.

Akifundisha ngoma kama pambo la kumkaribishia mkubwa tu, watoto watajua kwamba hiyo ndiyo kazi ya sanaa. Akiwaeleza ngoma hiyo ilipigwa lini, na nani, kwa sababu gani, na kwa nini leo inapigwa kwa dakika tano, atakuwa amewapa urithi pamoja na akili ya kuulinda. Tofauti hii haihitaji bajeti. Inahitaji kipindi kimoja cha maandalizi na mazungumzo na mzee mmoja.

Zoezi kwa wanachuo

Kabla ya kwenda katika mazoezi ya kufundisha, kila mwanachuo amtafute msanii mmoja katika eneo la nyumbani kwake, ayaandike majibu ya maswali manne kwa kurasa mbili, na ayalete darasani. Majibu hayo yawekwe pamoja katika maktaba ya chuo kwa mkoa na wilaya. Baada ya miaka michache chuo kitakuwa na kumbukumbu za wasanii ambao vitabu havikuwataja, na mwalimu mpya atakayepangiwa wilaya asiyoijua atapata mahali pa kuanzia. Kazi hii ianze muhula huu, maana wazee wengi wenye majibu ya miaka ya 1960 wamekwisha kutangulia.